Si mvivu yule, hebu angalia kazi ilivyopangwa

Sie masupavaiza tuna tabu moja, mtu akikosea tu tushamhukumu roho yake. "Mvivu yule", "ana kiburi yule", basi imekwisha hiyo. Mie mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo hotelini huku Nungwi, kaskazini ya Unguja, kuna kijana akichelewa shifti ya asubuhi kila siku nikampa barua mbili za onyo, kumbe anakaa Mjini na daladala ya 116 ya kuja huku haiondoki mpaka ijae, akifika saa moja na robo keshakaa garini tangu alfajiri. Tukambadilishia shifti, kwisha, hajachelewa tena. Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, kaiandika hii toka 1977, kwamba tukimtazama mwenzetu tunashika tabia yake na yaliyomzunguka tunayasahau. (Tukichelewa sie lakini, ndo utasikia mvua, gari bovu...)

Dhana nyengine ya makosa, ati watu wakiwa wengi kazi inakwenda mbio. Wapi! Ringelmann, mhandisi wa kilimo Ufaransa, alitoa 1913 matokeo ya kuvutisha watu kamba, na kila walivyoongezeka ndo kila mmoja nguvu zake zilipungua, wakiwa wanane anatoa kama nusu ya zile za akiwa peke yake. Sehemu ni kuwa hawavuti kwa mpigo mmoja, sehemu ni kutegeana, na aliyewahi kuvuta juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, pwani hashangai, wapo wanaoimba tu mkono umelala kwenye kamba. Kwa hiyo ukiwaambia watu sita "safisheni stoo" usitegemee kitu, mpe kila mtu rafu yake.

Pesa nayo, ati ndo inayompa mtu moyo wa kazi. Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, 1959 alisema mshahara mbovu unaudhi kweli ila ukiwa mzuri unaondoa manung'uniko tu, moyo wa kazi unaletwa na kuthaminiwa na kupewa jukumu. Wako waliombishia, na mie sisemi watu wasiongezewe, msinitoe roho bure!

Halafu hii ya mkutanoni, mtu kanyamaza basi kakubali. Huku kwetu mbele ya bwana mkubwa mtu atakwambia "ndio bwana" huku moyoni hayumo, usimuulize pale, mfuate baadae peke yake. Mie nilimfuata dada mmoja wa usafi wa vyumba akanambia mashuka hayatoshi tangu wiki ya juzi, na mkutanoni alikuwa kakaa mbele yangu kabisa.