Kwa nini watu waliokataa vita walikuja Pemba kulima karafuu?

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga mizinga kasri ya Mjini Unguja. Saa nne haijafika, mambo yalikwisha. Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, watu wa upande wake wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Vita hivyo kila mmoja wetu kavisikia, maana huambiwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani. Ila wachache wanajua kuwa mwaka uliofuata waliteremka Pemba Waingereza wa namna nyingine kabisa, ambao imani yao inakataa kushika bunduki hata kwa ajili ya mfalme wao.

Wenyewe hujiita Marafiki. Jina la Quaker, yaani mtetemekaji, walipewa kwa kejeli: mwaka 1650 kiongozi wao George Fox alimwambia hakimu atetemeke mbele ya neno la Mungu, na hakimu akamgeuzia neno hilo. Lilimganda yeye na wafuasi wake.

Fox alizaliwa 1624, mtoto wa mfumaji nguo, akasomea ushonaji viatu. Alikulia katika Uingereza iliyokuwa ikichinjana yenyewe kwa yenyewe, kila upande ukidai Mungu yuko nao. Fundisho lake lilikuwa jepesi kulisema: ndani ya kila mtu mna nuru itokayo kwa Mungu. Kwa hiyo ibada yao ya asili haina kasisi wala mimbari. Watu hukaa kimya, pengine saa nzima, na anayesukumwa moyoni ndiye husimama akasema mawili matatu, akakaa. Hata mikutano yao ya kuamua mambo haina kura. Karani husikiliza mpaka aone wenzake wamekubaliana wapi, akaandika hapo hapo, wasipokubaliana, husubiri. (Sisi tunaojua joto la uchaguzi Visiwani tunaweza kucheka, au kuona wivu kidogo.)

Sasa, kama nuru imo ndani ya kila mtu, imo pia ndani ya adui. Utamlengaje? Mwaka 1651 Fox alikuwa jela ya Derby, akaahidiwa atolewe akikubali ukapteni jeshini. Alikataa, akisema anaishi katika uwezo unaoondoa sababu ya vita vyote. Walimrudisha ndani, tena pabaya zaidi. Lishike hilo neno "sababu", tutalirudia.

Si kwamba Marafiki wote walikuwa hivyo tangu mwanzo. Baadhi yao walikuwa askari. Kilichowalazimisha kusema wazi ni Januari 1661, kikundi kingine cha dini kilipofanya uasi wa silaha London na Marafiki wakakamatwa kwa maelfu kwa kudhaniwa ni wamoja. Ndipo walipomwandikia Mfalme Charles wa Pili kwamba wanakana vita na silaha zote, kwa lengo lolote na kwa kisingizio chochote. Mimi naona woga nao ulikuwemo katika barua ile. Lakini walishikamana nayo: katika Vita Kuu ya Kwanza baadhi ya vijana wao walifungwa kwa kukataa jeshi, wengine wakaenda mstari wa mbele kubeba majeruhi, na mwaka 1947 mashirika yao mawili, la Uingereza na la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Turudi kwenye "sababu". Rafiki mmoja wa Marekani, John Woolman, aliyefariki 1772, aliwataka wenzake wazitazame mali zao, samani zao na nguo zao, waone kama mbegu za vita zinapata rutuba humo. Mwenyewe aliacha sukari iliyolimwa na watumwa. Kwake mtumwa ni mateka wa vita, na anayenunua jasho lake anavilisha vita hivyo.

Hapo ndipo karafuu inapoingia. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala. Anayeijua karafuu anajua haingoji: ikianza kuwa nyekundu ndiyo wakati wake, ikichanua bei imeanguka. Inataka mikono mingi, ya juu mtini na ya jioni kwenye jamvi, watu wakichambua makonyo mpaka vidole vinanuka na sabuni haisaidii. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa utumwa, lakini amri yenyewe ilikuwa na miiba. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Bwana wake alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Na aliyekwisha kuwa huru ilimpasa aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Huru, lakini uende wapi, na mashamba yote ni ya waliokuwa mabwana zako?

Mwaka huo huo Marafiki wa Uingereza, akiwemo Theodore Burtt, walianza kazi Pemba na kupata shamba la karafuu Banani, si mbali na Chake Chake. Walitaka kuonyesha kuwa karafuu inaweza kuchumwa na watu huru kwa ujira, na papo hapo waliotoka utumwani wapate pa kukaa. Hawakuja bure bure, walitaka pia watu waingie dini yao. Kwa hilo hawakufika mbali: Pemba ilibaki kisiwa cha Waislamu, na Marafiki hawakupata kuwa wengi. Waliongezeka bara, magharibi mwa Kenya, ambako Wamarekani wa imani hiyo walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kama Kenya.