Kabla hujamlipa kijana wa kuokota kinyesi cha mbwa

Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba moja maeneo ya Forest, hapa Mbeya, kuchanja mbwa wawili. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nilimkuta kijana wa usafi na fagio la chelewa, anasukuma kinyesi kilicholowa juu ya majani mpaka nyuma ya nyumba, kwenye tuta la chainizi. Alikopita, majani yalibaki na michirizi ya kahawia. Mwenye nyumba mwenyewe ameridhika: "Daktari, huyu namlipa kila mwisho wa mwezi. Si unaona uwanja ulivyo?"

"Kwa wiki anakuja mara ngapi, mama?"

"Aah, tukitarajia wageni."

Hapo ndipo hela inapopotea. Mchango wa mbwa, ule mnyoo mrefu mweupe, jike lake moja linaweza kutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku. Lakini yai likitoka na kinyesi halimdhuru mtu siku hiyohiyo. Linahitaji kama wiki 2 hadi 4 udongoni ndipo liweze kuambukiza, na baridi yetu hulichelewesha zaidi bila kuliua. Likishakomaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, linaweza kukaa miaka. Mtoto akichezea udongo huo kisha akatia vidole mdomoni, vinyoo husafiri mpaka kwenye ini, mapafu, hata jicho. Safura ya mbwa, mnyoo mwingine, ina haraka zaidi: kukiwa na joto na unyevunyevu, wiki moja yaweza kutosha, nayo hupenya ngozi ya mguu ulio pekupeku na kuacha mchoro unaopinda na kuwasha.

Kwa hiyo patana naye siku. Mara 2 kwa wiki, mvua isimzuie, na mlipe kwa kila alivyokuja.

Fagio mnyang'anye. Kazi hii inataka koleo, reki ndogo, glavu, gambuti na ndoo yenye mfuniko. (Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ndoo haina kesi.) Kama anahudumia nyumba kadhaa, muulize koleo analisafishaje. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi, na koleo lenye tope likitoka kwa jirani aliyefiwa na watoto wa mbwa linakuletea msiba huo getini. Aoshe tope kwanza, kisha jiki iliyochanganywa na maji. Jiki inaua parvo. Mayai ya mchango haiyatishi hata kidogo, kwa hiyo usikubali mtu akumwagie jiki uwanja mzima akaita huo usafi.

Kinyesi kiishie kwenye choo cha shimo, au shimo lake lenyewe, mbali na kisima na bustani, kifukiwe kila mara. Usikifanye mbolea; samadi ya ng'ombe ni habari nyingine.

Kijana mzuri ana faida moja ambayo watu hawaifikirii: yeye ndiye anayekiona kinyesi kila wiki. Mwambie akiona damu, nyuzi kama tambi, au vipande kama punje za mchele, akupigie simu kabla hajafukia. Punje hizo ni tegu. Na kuna tegu mmoja mdogo sana, asiyeonekana kirahisi, ambaye mayai yake yanaambukiza papo hapo, hayasubiri wiki. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi ya machinjioni. Kwa huyo, kuokota peke yake hakutoshi: chemsha maini na mapafu hayo kabla hajala, na mpe mbwa dawa ya minyoo kila miezi 3.

Mama wa Forest alinisindikiza mpaka getini. "Sasa daktari, zile chainizi nizing'oe?"

Nikamwambia azioshe vizuri, azipike ziive. Giligilani iliyokuwa pembeni, ile ya kukatia kachumbari, ndiyo niliyomwomba aing'oe.