"Gharama za programu" kwenye shirika la kansa maana yake nini, na zinaweza kukudanganya vipi

Ukifungua ripoti ya shirika la Marekani linalochangisha hela za wagonjwa wa kansa, mara nyingi unakutana na maneno ya namna hii: katika kila dola unayotoa, tuseme senti 80 zinaenda kwenye programu. Wengi tunaishia hapo, tunaona senti 80 si haba, tunatoa. Sasa hiyo "programu" ni lugha ya wahasibu, haina uhusiano na programu za simu, maana yake ni ile kazi yenyewe iliyofanya shirika lianzishwe: kumpeleka mgonjwa kwenye kemo, yaani matibabu ya dawa kali za kuua kansa, kumlipia dawa, kufadhili utafiti, kupima watu, kufundisha watu dalili. Matumizi mengine yote yanakaa kwenye mafungu mawili, la uendeshaji, yaani kodi ya ofisi, mhasibu, bima, na la uchangishaji, yaani barua, matangazo na watu wa kupiga simu. Unachukua matumizi ya programu, unagawanya kwa matumizi yote ya mwaka, unapata asilimia. Hesabu rahisi kabisa. Tatizo ni kwamba anayeamua matumizi fulani yakae fungu gani ni shirika lenyewe.

Mfano ambao kila mtu anayetoa hela yake angeujua ni huu. Mwezi wa tano 2015 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, ikiungana na majimbo yote 50 na Washington DC, ilifungua kesi dhidi ya mashirika manne: Cancer Fund of America, Cancer Support Services, Children's Cancer Fund of America na The Breast Cancer Society. Yalikuwa mikononi mwa mtandao mmoja wa watu, ndugu na jamaa, na kati ya 2008 na 2012 yalikusanya zaidi ya dola milioni 187. Mchangiaji akipigiwa simu aliambiwa hela inanunua dawa za maumivu kwa watoto, inawapeleka wagonjwa kemo, inawahudumia wale ambao hospitali imeshindwa. Kilichowafikia wagonjwa ni karibu asilimia 3 tu! Kampuni za kupiga simu mara nyingi zilibaki na senti 85 au zaidi ya kila dola, na kilichobaki kikaenda kwenye mishahara ya ndugu, magari, safari za starehe kwenye meli, ada za vyuo, mpaka malipo ya tovuti za kutafuta wachumba. Mgonjwa yeye alitumiwa boksi lenye visabuni, vichupa vya shampuu na vikeki. Mtu anatapika kwa sababu ya kemo alafu unamtumia keki. Mwaka 2016 kesi ikaisha kwa makubaliano, Cancer Fund of America na Cancer Support Services yakaamriwa kufungwa.

Unajiuliza, ilikuwaje vitabu vyao visionyeshe aibu hiyo miaka yote? Sehemu kubwa ya jibu ni zawadi za vitu. Sheria za uhasibu zinaruhusu shirika likipewa bidhaa, kwa mfano dawa, liziandike kwa thamani ya hela kama mapato, na zikishagawiwa ziandikwe kama matumizi ya programu. Ni halali na kuna mashirika mazuri yanafanya hivyo. Ila haya manne yaliandika zaidi ya dola milioni 223 za vitu walivyodai wamevigawa nje ya nchi, na FTC ikasema wao walikuwa kituo cha kupitishia tu, mzigo wa watu wengine unapita kwenye karatasi zao ili ile asilimia ipande. Yaani ukiwa umepokea dola moja ya mchangiaji ukaila, alafu ukaandika mzigo wa dola tano umepita kwako kwenda kwa maskini, kwenye hesabu wewe ni shirika safi sana. Kwa hiyo kitu cha kwanza mimi ningefanya ni kutoa vitu vyote nje ya hesabu, nibaki na hela taslimu, ndo nipige asilimia upya.

Mlango wa pili ni "elimu kwa umma". Shirika linatuma barua ya kuomba hela, kwenye barua hiyo hiyo linaweka mistari michache, acha sigara, kula mboga, jichunguze titi, alafu sehemu ya gharama ya barua inahamia programu kwa sababu umeelimishwa. Masharti yapo ya kuruhusu hilo na si kila anayefanya ni mwizi, lakini kama programu kubwa ya shirika la kansa ni barua zake yenyewe za kuomba hela, basi hakuna mgonjwa hapo.

Na haya yote hayahitaji uwe mhasibu kuyaona. Marekani shirika lisilo la faida linajaza Fomu 990 kila mwaka na fomu hiyo ni mali ya umma, ipo bure kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS, na kwenye Nonprofit Explorer, ukurasa wa kutafutia mashirika wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi. Tafuta kwa namba ya shirika, ile EIN ya tarakimu 9, usitafute kwa jina peke yake maana majina ya mashirika ya kansa yanafanana mno na kuna wanaoishi kwa kufanana huko. Sehemu ya IX ndo ina yale mafungu matatu kwa safu, na mstari wa 26 unaonyesha gharama za pamoja, hizo barua za kuelimisha huku unaombwa. Sehemu ya VII ina majina ya viongozi na wanacholipwa, sehemu ya VI inauliza kama kuna undugu kati yao. Kiambatisho M kinahusu zawadi za vitu. Kiambatisho G mimi nakipenda kuliko vyote, kinataja kampuni ya kuchangisha iliyokodiwa, imekusanya ngapi, imebaki na ngapi, shirika limepata ngapi, mstari mmoja tu unakwambia ile simu ya jioni ilikuwa ya nani. Makanisa hayalazimiki kujaza 990, na vishirika vya mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka vinaweza kutuma kadi fupi isiyo na hesabu yoyote, kwa hao inabidi uombe vitabu mwenyewe.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukasema shirika zuri ni lile lisilotumia kitu ofisini. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, hao hao ambao kazi yao ni kupima mashirika, waliandika barua ya pamoja kuwaomba wachangiaji waache kupima kwa gharama za uendeshaji peke yake. Shirika la watoto wenye kansa linahitaji mtu wa kufuatilia faili la kila mtoto, na mshahara wa mhasibu mzuri ndo unaozuia wizi. BBB wanataka angalau asilimia 65 iende kwenye programu, chukua hiyo kama sakafu, ukishaivuka anza kuuliza kazi imezaa nini.

Hapo kwenye matokeo ndo penye ugumu. "Tumepima wanawake 10,000" ni idadi ya kazi iliyofanyika, haijaponya mtu. Kwa kansa ya mlango wa kizazi Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka lengo mwaka 2020: kufikia 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakifika 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Angalia hiyo ya mwisho. Ukiwa na shirika linalopima, swali ni wangapi walikutwa na mabadiliko na kati yao wangapi walitibiwa, maana kumwambia mama ana tatizo alafu ukakunja hema ukaondoka ni kumwachia hofu tu.

Uwe makini pia na "waliofikisha miaka mitano", yaani walio hai miaka mitano tangu kansa yao igunduliwe. Chukua mgonjwa aliyekuja na dalili 2022 akafariki 2025, ameishi miaka mitatu. Angegunduliwa kwa kipimo 2018 na bado akafariki 2025, takwimu itasema ameishi saba, amevuka mitano, shirika limefanikiwa, wakati siku ya kifo ni ile ile. Upimaji wa baadhi ya kansa unaokoa kweli, ila ushahidi wake ni vifo kupungua.

Kwa shirika la kansa za watoto, swali ni watoto wangapi walimaliza matibabu. Nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye kansa, nchi nyingi maskini hazifiki 30, na sababu mojawapo kubwa ni familia kukatisha matibabu njiani kwa kukosa nauli, chakula, mahali pa kulala karibu na hospitali. Shirika linalolipa nauli na kitanda cha mama linaweza kuonekana linafanya kitu kidogo, lakini likionyesha kwamba waliokatisha wamepungua mwaka hadi mwaka, hilo mimi nalipa hela yangu bila wasiwasi.

Na kama unachangia ukiwa huko Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa huku nyumbani, shirika likiwa limesajiliwa kule na ni la kujaza fomu kamili, fungua Kiambatisho F cha 990. Kinaonyesha hela iliyotumika nje kwa kanda, Afrika kusini mwa Sahara inakaa mstari wake. Jina la hospitali iliyopokea hutaliona kwenye kiambatisho hicho, kwa hiyo waandikie uwaulize ni hospitali gani, kisha iulize hospitali yenyewe imepokea nini.