Meno ya chini yakitangulia ya juu: maswali ya wazazi

Mwanangu akiuma meno, ya chini yanakaa mbele ya ya juu. Ni tatizo?

Ndiyo, apelekwe kwa daktari wa meno. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu hufunika kidogo ya chini. Kwa baadhi ya watoto, meno tu ndiyo yaliyoota kwa kuinama vibaya. Kwa wengine tatizo liko kwenye mifupa: taya la chini limekua mno, la juu limebaki nyuma, au yote mawili. Watu huona kidevu kimejitokeza wakalilaumu taya la chini, kumbe mara nyingi la juu ndilo lililopungukiwa.

Ni kwa sababu ya kunyonya kidole?

Sivyo. Kidole kwa kawaida husukuma meno ya juu yatokeze. Hili hurithiwa sana. Picha za ukoo wa kifalme wa Habsburg wa Ulaya zinaonyesha kidevu kilekile kizazi baada ya kizazi. Mzazi asijilaumu.

Si tusubiri meno yote ya ukubwani yaote kwanza?

Tafadhali msisubiri. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini unawapotezea watoto muda ambao haurudi. Maungio kati ya taya la juu na mifupa mingine ya uso bado ni laini utotoni, hivyo taya linaweza kuvutwa mbele. Kadiri mtoto anavyokaribia kubalehe, maungio hayo hukaza. Madaktari wengi hupenda kuanza kabla ya miaka 10, na chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri uchunguzi wa kwanza usizidi umri wa miaka 7.

Atafanyiwa nini?

Ikiwa ni meno tu, kifaa cha plastiki chenye springi ndogo kinaweza kuyasukuma mahali pake kwa miezi michache. Ikiwa taya la juu liko nyuma, hutumika fremu inayoegemea paji la uso na kidevu. Mipira huunganisha fremu hiyo na kifaa kilichogandishwa kwenye meno ya juu, ambacho mara nyingi hupanua kaakaa pia. Fremu huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, hasa jioni na usiku, kwa miezi kadhaa, wakati mwingine hadi mwaka. Siku za mwanzo meno huuma na ngozi ya kidevu inaweza kuwa nyekundu. Kazi kubwa iko nyumbani: fremu inayolala kabatini haivuti kitu. Mshirikishe mtoto, mweleze sababu, msifu kila usiku anaoivaa.

Ndiyo kusema hatahitaji upasuaji ukubwani?

Hakuna daktari mkweli atakayekuahidi hivyo, ila uwezekano hupungua. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia kwa miaka sita watoto waliokuwa chini ya miaka 10 utafiti ulipoanza. Waliovaa fremu, 36% walionekana kuhitaji upasuaji wa taya, wasioivaa, 66%.

Fremu ikivuliwa, tumemaliza?

Bado. Taya la chini huendelea kukua katika ujana, kwa wavulana hata kufikia miaka 18 au zaidi, na tatizo linaweza kurudi. Mtoto aendelee kuchunguzwa mpaka ukuaji ukome. Wengi huhitaji pia waya za meno baadaye. Upasuaji, ukihitajika, husubiri hadi hapo.