Kuchaji Betri ya Asidi Nyumbani: Hewa Kwanza, Umeme Baadaye

Betri za risasi na asidi, ambazo wengi wetu tunaziita betri za maji, zimetoka kwenye magari na kuingia ndani ya nyumba. Leo zipo chini ya meza zikiendesha invata, zipo nyuma ya mlango zikiwasha taa za sola, na jioni hushushwa kwenye bajaji na pikipiki ili zichajiwe barazani. Pamoja nazo zimeingia chaja za kila aina, na taarifa zinazotufikia sasa ni za watu waliorukiwa na asidi usoni, soketi zilizoyeyuka na betri zilizopasuka mbele ya watoto. Tunafahamu kwamba waliopata madhara hayo kwa kawaida hawakuwa wazembe. Walikuwa na haraka, au walifuata maelekezo ya mtu waliyemwamini ambaye naye hakuelekezwa vizuri.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2. Chaji inapokaribia kujaa, sehemu ya umeme unaoendelea kuingia haipati tena kazi ya kufanya kwenye sahani za risasi, hivyo huyavunja maji yaliyomo na kutoa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Kwa betri ya maji, hali hiyo hushika kasi volti zinapofika 14.4 hivi, na ndipo mtu husikia mchemko mdogo ndani ya betri. Haidrojeni haina rangi wala harufu, ni nyepesi kuliko hewa takriban mara 14, na ikishafikia asilimia 4 ya hewa iliyopo mahali fulani inaweza kulipuka kwa cheche ndogo ambayo jicho halioni. Kwa hiyo anayetuambia kwamba chumba chake ni salama kwa sababu hakusikia harufu yoyote ameegemea kitu ambacho hakimlindi hata kidogo.

Harufu inayofanana na mayai viza ni jambo jingine. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye sumu, nayo hutokea betri inapochajiwa kupita kiasi au chumba chake kimoja kinapokuwa kimekufa. Ukiinusa, zima umeme kwenye swichi iliyo mbali na betri, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, na usiiguse betri hadi ipoe. Betri ya namna hiyo hairudishwi kwenye chaja kujaribiwa tena, ipelekwe kwa fundi wa betri ikapimwe.

Hatari kubwa zaidi, na hapa tunaomba msomaji atulie, haiko katikati ya saa zile ambazo betri imekaa kimya inachajiwa, bali iko katika dakika mbili: ile ya kuunganisha na ile ya kuchomoa. Tazama mikono ya mtu anayemaliza kuchaji. Taa ya chaja imegeuka kijani, yeye anainama juu ya betri, anashika kibanio chekundu na kukivuta huku chaja ikiwa bado imewashwa. Kibanio kinapoachana na kichwa cha betri, cheche huruka papo hapo, sentimita chache tu kutoka kwenye vitundu vya hewa ambavyo vimekuwa vikitoa haidrojeni kwa saa kadhaa. Mfuniko hupasuka, na asidi huruka kuelekea juu, ambako ndiko uso wake uliko.

Utaratibu wa kuepuka hayo ni mfupi, na mpangilio wake haubadilishwi. Kabla ya yote, chaja iwe imezimwa na plagi iwe nje ya soketi. Vua pete, saa na bangili, kwa kuwa chuma kikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja hupitisha mamia ya ampea na kuwa chekundu kwa moto kikiwa bado kidoleni. Unganisha kibanio chekundu kwenye kichwa cha chanya, kisha cheusi kwenye kichwa cha hasi, na uvitikise kidogo uhakikishe vimeshika. Ikiwa betri ingali ndani ya gari na hasi imeungwa kwenye bodi, kama ilivyo kwa magari mengi, kibanio cheusi kisifungwe kwenye betri, bali kwenye chuma cha injini au fremu, mbali na betri na mbali na mabomba ya mafuta, ili cheche ikitokea itokee mahali pasipo na gesi. Baada ya hapo ndipo unaingiza plagi na kuwasha. Wakati wa kumaliza, zima kwenye soketi, chomoa plagi, ipe betri dakika kadhaa gesi itawanyike, kisha ondoa kibanio cheusi na mwisho chekundu. Mtu akituuliza ni hatua ipi anayoweza kuiruka akiwa na haraka, jibu letu ni kwamba hakuna.

Mahali pa kuchajia pawe na hewa inayopita juu na chini, pasiwe chumba cha kulala, na pasiwe jikoni. Tunasisitiza jikoni kwa sababu mara nyingi ndiko kwenye soketi ya karibu, na ndiko kwenye jiko la mkaa, mtungi wa gesi na kibiriti. Kabati lililofungwa halifai hata kama limetobolewa tundu moja, na kwa kuwa haidrojeni hupanda, tundu lililo chini ya kabati halisaidii chochote. Chaja yenyewe isiwekwe juu ya betri, kwa kuwa mvuke wa asidi hula nyaya zake. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umeviringishwa hupata moto katikati, na katikati ya mviringo ndipo mtu hagusi.

Kuhusu nguvu ya chaja, kanuni inayotosha nyumbani ni kuchaji betri ya maji kwa ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, ambacho hupimwa kwa ampea-saa (Ah). Betri ya gari dogo yenye ampea-saa 60 huchajiwa kwa ampea 6, ya invata yenye ampea-saa 100 kwa ampea 10, na ya pikipiki yenye ampea-saa 7 isizidi ampea 0.7 hivi. Anayechukua chaja ya gari ya ampea 10 na kuibana kwenye betri ya pikipiki anaichemsha, hata kama itaonekana kujaa haraka. Aidha, chaja nyingi zimepangwa kwa joto la nyuzi 25. Joto likipanda, volti za kuchajia zinapaswa kushuka kwa volti kati ya 0.02 na 0.03 kwa kila nyuzi moja, na chini ya paa la bati la Dar es Salaam mwezi Januari joto hupita nyuzi 30 bila shida. Chaja isiyo na uwezo wa kujirekebisha isiachwe usiku kucha, na betri yenyewe ikishikika kuwa ya moto mkononi, kuchaji kusimamishwe.

Kuna imani kadhaa ambazo tumezijibu mara nyingi na tunalazimika kuzijibu tena. Ya kwanza ni kwamba betri kavu haitoi gesi. Betri inayoitwa kavu si kavu: asidi yake imefyonzwa kwenye matandiko ya nyuzi za kioo au imefanywa jeli, na ina vali zinazofunguka na kutoa gesi ileile pale inapochajiwa kupita kiasi. Ya jeli ni dhaifu zaidi kwa volti nyingi, ndiyo maana chaja bora huwa na mpangilio wake pekee. Ya pili ni kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonywa chaji. Betri hupoteza chaji yenyewe ikikaa, na hupoteza haraka zaidi kwenye joto, iwe juu ya saruji, mbao au zulia. Mtu anayehamisha betri kutoka sakafuni na kuipandisha juu ya rafu jirani na pazia ameacha mahali salama na kuchagua pa hatari.

Ya tatu inatusumbua kuliko zote: kuongeza asidi ili betri ipate nguvu. Kinachopungua kwenye betri ya maji kwa matumizi ya kawaida ni maji, si asidi, hivyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji bila madini. Maji ya bomba au ya kisima yana madini yanayoharibu sahani, na asidi ya ziada huzila. Soma lebo ya chupa kabla ya kununua, kwa kuwa dukani chupa za asidi na za maji huweza kupangwa pamoja na zote kuitwa maji ya betri. Maji hujazwa baada ya kuchaji, kwa sababu wakati wa kuchaji ujazo hupanda na kufurika. Ila kama sahani zimeanza kuonekana, ongeza kwanza kiasi cha kuzifunika tu.

Na wapo wanaopima kama betri imejaa kwa kugusanisha waya kwenye vichwa viwili na kuangalia ukubwa wa cheche. Hatuna namna ya upole ya kulisema hili: kitendo hicho ni kuwasha kiberiti juu ya haidrojeni. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Iache betri ipumzike saa kadhaa baada ya kuchaji, kisha ipime. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na inayosoma chini ya 12 imeisha.

Chaja za kuundwa mtaani zinahitaji tahadhari ya pekee. Ipo inayotengenezwa kwa balbu na daiodi moja, ikichukua umeme wa volti 230 moja kwa moja bila transfoma. Betri huchajika, lakini vichwa vyake, vibanio na asidi yenyewe vinakuwa vimeunganishwa na umeme wa nyumba, na anayegusa chuma hicho akiwa amesimama pekupeku anaweza kufa. Chaja hiyo haina marekebisho, iache. Chaja ya dukani nayo iwe na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, au uthibitisho mwingine wa kukidhi viwango, waya wa ethi (wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) usikatwe ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili, na fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya. Soketi inayopata moto ishughulikiwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Tunaongeza kwamba chaja ya betri ya risasi isitumike kwa betri za lithiamu za pikipiki za umeme, hata kama volti zilizoandikwa zinalingana.

Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi huku kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda hospitali, na usuuzaji uanze hapohapo kabla ya kutafuta usafiri. Maziwa hayatiwi jichoni, wala magadi. Magadi kazi yake ni kwenye sakafu iliyomwagikiwa, nyunyiza hadi povu liishe. Ngozi isuuzwe kwa maji mengi na nguo iliyolowa ivuliwe. Aliyemeza asidi asitapishwe, asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.

Ukitokea moto, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia bila kupita penye moto, watoe watu, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taja mtaa, kata na alama inayojulikana iliyo karibu, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani, na usikate simu kabla ya kuambiwa ukate. Ni muhimu kusema kwamba kuna betri, ili askari wajiandae kwa asidi na moshi wa sumu. Maji yasimwagwe kwenye vifaa vyenye umeme. Kizimamoto cha unga mkavu kinafaa.

Baadhi ya wananchi huchaji betri za majirani kwa malipo na kuona kwamba ni jambo la nyumbani tu. Si hivyo. Hiyo ni biashara, na eneo la biashara hukaguliwa na kupewa cheti cha usalama dhidi ya moto kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, na kanuni zake, hata kama eneo lenyewe ni baraza la nyumba ya kupanga. Anayeendesha shughuli hiyo bila ukaguzi anaweza kuchukuliwa hatua za kisheria. Kwa hiyo aombe ukaguzi mwenyewe, kwa maandishi, katika ofisi ya zimamoto ya wilaya au mkoa wake, na siku ya mkaguzi awepo mtu anayefahamu swichi kuu ilipo.

Betri iliyokufa ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kuikusanya au kuisafirisha kibiashara kunahitaji kibali. Kuimwaga asidi yake mtaroni ili iwe nyepesi kubeba, au kuivunja uani kutoa risasi, ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo. Risasi huingia kwenye vumbi, na watoto hulichukua kwa mikono hadi midomoni. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mpelekee betri yako mnunuzi mwenye kibali, au irudishe dukani unaponunua mpya ikiwa wanazipokea, ikiwa nzima, imesimama wima, asidi yake ikiwa ndani na vichwa vyake vikiwa vimefunikwa kwa utepe wa plastiki.