Mabaki ya Nta na Chupa za Mishumaa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Umeme ukikatika usiku mjini Kampala au Jinja, asubuhi mezani hubaki vipande vya nta ambavyo wengi huvitupa kwa kuamini kwamba nta iliyokwisha kuwashwa haina nguvu tena. Sivyo. Kinachoungua katika mshumaa ni mvuke wa nta iliyoyeyuka na kupandishwa na utambi, kwa hiyo iliyobaki ni nta ileile, ila imechanganyika na masizi na njiti za kiberiti, uchafu ambao huondoka ikichujwa kwa kitambaa kabla haijaganda.

Dhana yenye hatari kuliko zote ni kwamba nta huyeyushwa kama samli, yaani sufuria huwekwa moja kwa moja juu ya sigiri. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzijoto 46 na 68 hivi, na tofauti na maji, haichemki mapema ikamwonya mpishi. Huendelea kupata joto kimyakimya hadi, ikikaribia nyuzi 200 au kuzidi, mvuke wake huweza kushika moto. Kopo la nta na likae ndani ya sufuria ya maji. Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hayapandi zaidi ya hapo maadamu hayajakauka.

Nta ikishika moto, wapo wanaokimbilia ndoo ya maji, jambo baya mno: maji ni mazito kuliko nta, hivyo huzama, hugeuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka hadi usoni na kwenye mapazia. Kifuniko cha chuma ndicho huuzima moto huo, na chombo kisisogezwe mpaka kipoe.

Kuhusu utambi, si kila uzi hufaa. Uzi wa plastiki uliochomolewa kwenye gunia huyeyuka badala ya kunyonya nta; wa pamba, uliosokotwa na kuchovywa kwanza katika nta, huwaka vizuri.

Chupa iliyokuwa na mshumaa nayo haisafishwi kwa kumiminiwa maji yanayochemka ikiwa baridi, maana upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine na kioo hupasuka. Iwekwe katika beseni la maji ya uvuguvugu, yakiongezwa maji ya moto kidogo kidogo, kisha nta itolewe kwa kijiko. Hata ikitakata, mimi nisingeinywea chai, kwani haikutengenezwa kwa vinywaji vya moto. Vifungo, sindano na mbegu za sukuma wiki zinaitosha. Yenye ufa isitiwe mshumaa tena.

Wengine humwaga maji yale yenye nta kwenye sinki wakidhani yatapita, kumbe nta hugandia kwenye kiwiko cha bomba. Maji hayo yaachwe yapoe, utando mgumu unaoelea uondolewe kwa mkono, ndipo maji yamwagwe nje.