Pini ya chuma ndani ya mbao: yanayoaminiwa na ukweli wake

Kiungo kikiachia, usikitupe kabla hujaitazama pini. Ikiwa imetoka tupu, inang'aa, na gundi yote imebaki tunduni, basi gundi haikushika chuma. Ikiwa imetoka imevikwa gundi yenye nyuzi za mbao, gundi ilifanya kazi yake; mbao ndiyo iliyochanika. Nyingi nilizoziona ni za aina ya kwanza, na inauma, kwa sababu zingeweza kuokolewa.

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote ni kwamba tundu likibana ndipo kiungo kinakuwa imara. Hilo ni sawa kwa pini ya mbao na gundi nyeupe: mbao hunywa maji ya gundi, ikavimba, ikajikaza. Chuma hakinywi wala hakivimbi. Ukigongelea pini iliyobana, inakwangua gundi kutoka kwenye kuta za tundu, na hewa iliyonaswa chini inaisukuma irudi juu. Tumia epoksi, yaani gundi ya kuchanganya sehemu mbili, nayo iachie nafasi: kwa pini ya milimita 10, toboa milimita 12, ibaki milimita moja kila upande. Safisha unga wa mbao tunduni, jaza gundi kuanzia chini kuja juu, kisha ingiza pini taratibu ukiizungusha mpaka gundi ichungulie mdomoni.

Eti chuma kipya ni kisafi? Kifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni uone weusi wake. Hayo ni mafuta ya kiwandani. Kikwangue kwa msasa mkali, kifute tena, na usikiguse kwa vidole. Chuma chenye hesi kama za bolti ni bora zaidi, maana gundi ikikauka hunasa kwenye mabonde yake.

Gundi inayotoa povu hujaza tundu, ni kweli, lakini povu lenyewe halina nguvu.

Wengine huamini epoksi ikishakauka haiondoki tena. Epoksi nyingi za kawaida hulegea zikikaribia sentigredi 60, hivyo pini iliyokaa vibaya unaweza kuipasha moto kwa pasi ya kulehemu na kuivuta.

Na mbao ikiwa mbichi, subiri. Itasinyaa kwa upana ilhali chuma hakisinyai, na ufa utapita palepale ilipo pini, hata kama gundi ilikuwa nzuri.